Mwalimu kufundishwa na mwanafunzi wake: je, ni haya?

Tunataka kuongea hapa ju ya neno moja linalosumbua waalimu wengi wa sekondari, hata kama wengi hawalisemi wazi. Zamani mwalimu aliingia darasani akijua kitu ambacho mtoto hajui. Chaki ilikuwa mkononi mwake, na kitabu kilikuwa kimoja tu, tena kilikaa juu ya meza yake. Sasa kuko somo ambalo mtoto wa miaka 13 anaweza kulijua kuliko yule anayemfundisha. Tunasema simu, kompyuta, intaneti na vyote vinavyofuata nyuma yake. Ulizo letu ni hili: kama mwalimu hajui kutumia chombo, na mtoto anajua, je, inafaa mwalimu akae chini afundishwe na mtoto? Na akikubali, heshima yake inabaki wapi?

Mtu asifikiri kama hili ni ulizo la Kinshasa ao la shule za watajiri tu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi kuwa ya miaka minane. Njo maana miaka miwili ya kwanza ya sekondari tunaiita leo darasa la saba na la nane. Tangu mwaka 2018 programu mpya ya sayansi ya madarasa hayo ilianza kutoka, na ndani yake, pembeni ya fizikia na teknolojia, kuko ile wanayoita TIC, ni kusema teknolojia za habari na mawasiliano. Programu ilifika mu shule nyingi mbele ya kompyuta. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia, aliyepata diploma yake wakati ambapo hata mashine ya kupiga barua ilikuwa ya sekretere peke yake, anajikuta na saa ya TIC kwenye orodha yake ya juma. Anapashwa kutayarisha fishi, kuandika jurnali ya darasa, na kungojea inspekta, ju ya chombo ambacho pengine hajakigusa mara kumi.

Kuko wanaochora kompyuta nzima ubaoni: kinanda, skrini, puku na mkia wake. Watoto wanakunja karatasi, wanaandika herufi, halafu wanafinya karatasi. Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alijulikana dunia nzima kwa sababu ya picha za namna hiyo: alikuwa amechora dirisha lote la Microsoft Word kwa chaki za rangi, na wanafunzi wake wakichora nyuma yake. Watu wengi walicheka, wengine walilia. Sisi hatukucheka. Yule mwalimu alijua anachokichora. Shida yetu ni ingine: ni ile siku kompyuta ya kweli inapofika, mwalimu anapoogopa kuiwasha mbele ya watoto.

Siku hiyo waalimu wanajitenga. Mmoja anakataza: simu nje, kompyuta ifungiwe katika biro ya prefe, na funguo ibaki kwa prefe. Mwingine anafanya kama anajua. Anasoma kwenye kaye yake maneno "fishie", "dosie", "kurusha", bila kugusa kitu, na mtoto akiuliza, anaambiwa ngojea tutafika pale. Kidogo sana ni wale wanaosema, "Njoo hapa, mwanangu, nionyeshe." Na akithubutu, wenzake mu chumba cha waalimu watasema ameshusha kazi. Watamkumbusha desturi: mtoto hafundishi mzee, mtoto haongei pa barza mpaka aulizwe.

Ju ya desturi hiyo tunataka kukaa kidogo, maana iko watu wanaoitumia kama kifuniko.

Ni kweli pa barza mtoto alinyamaza. Lakini tusisahau kama desturi zetu zilikuwa na vyombo vyao vya kutunza maarifa, tena vyombo vya akili sana, na kila chombo kilikuwa na namna yake ya kufundishwa. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa. Ni kipande cha ubao kinachoenea mkononi, kimebanwa kidogo katikati kama kiuno, kimejazwa shanga na makonokono ama kuchorwa alama. Watu wa chama cha Mbudye walikishika mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikatembea juu ya shanga: hapa mfalme, hapa safari yake, hapa mahali patakatifu. Msomaji atakubali kama kwa mbali mtu huyu anafanana na kijana aliye na simu. Chombo mkononi, kidole juu yake, na historia yote ya nchi inatoka. Lakini shanga haikusema yenyewe. Kusoma lukasa kulifundishwa kwa daraja, na msomaji wa kweli alibadilisha masimulizi yake kufuatana na watu walio mbele yake na shauri lililowaleta. Ubao ule ule, siku mbili, unaweza kusema mambo mawili, na yote ni halali.

Karibu yetu zaidi, Walega wana mutanga. Ni kamba iliyotandazwa, na juu yake wametundika vitu vidogo vidogo: kipande cha ganda, ukucha, unyoya, kijiti, mfano wa chombo cha nyumbani. Kila kitu ni mezali moja. Padre Georges Defour aliandika kitabu kizima ju ya kamba hiyo. Mzee anashika kitu, anakitikisa, anatoa neno, na kijana anapashwa kutafuta lile neno linagusa nani. Kwenye Bwami ilikuwa vile vile, pamoja na sanamu za pembe na za mti: zilionyeshwa, zikaimbiwa, zikachezewa, halafu zikarudishwa kwenye kikapu. Leo sanamu hizo ziko nyingi katika makumbusho ya Ulaya, kama kule Tervuren karibu ya Bruxelles. Zimepangwa vizuri nyuma ya vioo. Anayezitazama anaona uzuri wa mti na pembe. Wimbo uliokwenda na sanamu hausikii. Ile sanamu imekuwa kama simu iliyozimika.

Basi tunauliza: mu Bwami, nani alifundisha nani? Vyeo vilipanda kimoja kimoja mpaka yananio, na juu kabisa kindi. Kila mara mtu alipopanda, alirudi kuwa mwanafunzi. Mtu mwenye mvi, mwenye wake na wajukuu, alikaa chini mbele ya wale waliomtangulia katika cheo kile, akaonyeshwa vitu asivyovijua, akalipa, akasikiliza. Miaka yake haikumuruhusu kuruka. Aliyemtangulia njo alikuwa mwalimu wake siku ile. Na kesho yake, katika mambo mengine ya kijiji, yule mzee alibaki mzee. Hakuna aliyesema ameshuka. Kwa hiyo wanaosema kama desturi inakataza mkubwa kujifunza kwa mdogo wanataja nusu ya desturi, ile nusu inayowapendeza.

Kuko mfano mwingine, na huu unaumiza shule yenyewe. John Carrington alikuwa mmisionari Mwingereza, mwalimu, aliyefika Yakusu karibu ya Kisangani mwaka 1938. Huko Walokele walikuwa wanasemezana kwa ngoma ya mti isiyo na ngozi, ile iliyochimbwa ndani na kuachwa mdomo mrefu juu yake, mdomo mmoja ukitoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Carrington alielewa kitu ambacho wageni wengi hawakukielewa: ile ngoma haikupiga alama za siri, ilipiga lugha yenyewe, kwa kufuata sauti za juu na za chini za maneno. Na kwa sababu maneno mengi yana sauti za namna moja, wapiga ngoma hawakusema neno peke yake. Mwezi uliitwa kwa maneno marefu, unaoangalia dunia kutoka juu. Kuku naye akapewa jina lake refu. Urefu ule njo ulitenganisha neno na neno. Huyu mwalimu alikubali kufundishwa na wapiga ngoma wa vijiji, watu ambao wengine hawakushika kalamu hata siku moja. Mwaka 1949 akatoa kitabu chake, Talking Drums of Africa. Hatujasikia kama wanafunzi wake walimuzarau kwa sababu hiyo.

Lakini ndani ya kitabu kile kuko jambo la kusikitisha: Carrington aliona wavulana wa shule ya Yakusu wasiojua tena hata jina lao la ngoma. Shule ilileta chombo kipya, ubao na karatasi, na chombo cha zamani kikaanza kufa mlangoni pake. Hakuna mtu aliyeamua kukiua. Kalamu ilipewa alama na saa za masomo, ngoma haikupewa kitu. Tunaposema leo ju ya kompyuta darasani, tungependa waalimu wakumbuke kama sisi wenyewe, na chaki yetu, tulikuwa kwanza chombo kipya kilichosukuma wengine. Hatuna haki ya kulia kama wafiwa peke yetu.

Turudi kwa yule mtoto anayejua. Anajua nini? Hapa wengi wanakosea, wazee kwa kuogopa na vijana kwa kujisifu. Mtoto anajua kufinya. "Prof, finya apa, ngojea, sasa rudisha nyuma." Kidole chake ni chepesi, haogopi kuharibu, na akipotea anarudi. Hiyo ni maarifa, tusiizarau. Mwalimu anayejifunza kufinya kwa mtoto anapata kitu cha kweli, na inafaa amshukuru mbele ya wengine. Lakini ukimuuliza yale aliyoyapata yametoka wapi, nani aliandika, kwa nini ni kweli, kidole kinasimama.

Mfano uko karibu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka usiku, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wa sehemu kubwa ya Goma watoke. Wengi walikimbilia Sake, wengine Bukavu kwa mashua. Katika siku zile sauti zilitembea kutoka simu mpaka simu: ziwa litapasuka, gazi itatoka, Bukavu nayo itakufa. Mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta habari nyumbani, na baba yake, ambaye hajui kufungua ile sauti, alibaki anamutegemea. Hapo mwalimu wa sayansi alikuwa na kazi ambayo hakuna kidole kingeweza kuifanya. Ni kweli mu Ziwa Kivu kuko gazi nyingi, kilometa za ujazo zinazokaribia 300 za gazi karboni na 60 hivi za metani, zimefungwa chini kabisa na uzito wa maji. Ni kweli Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gazi tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu karibu 1.700. Lakini ni kweli pia kama mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia ndani ya Ziwa Kivu, watu wakiona kwa macho, na ziwa halikupasuka, sababu gazi iko chini sana kuliko pale moto ulipofika. Hatari iko, wataalamu wanaichunguza. Yale ya simu yalikuwa kitu kingine. Mwenye kuweka maneno hayo matatu pamoja, kwa utaratibu, ili darasa liache kutetemeka, huyo anasoma lukasa. Hata kama simu aliishikiwa na mtoto.

Kwa hiyo ju ya haya, tunajibu hivi: haya iko kwa yule anayejifanya. Mtoto anaona. Watoto wa leo wanatambua kwa dakika moja kama mkono wa mwalimu unaogopa puku, na wanapotambua kama anadanganya ju ya kitu kidogo hiki, wanaanza kuuliza kama hakudanganya pia ju ya Pitagore na ju ya Lumumba. Heshima ya mwalimu haikutoka kwa kujua yote. Wazee wetu hawakudai hivyo kwa mtu. Ilitoka kwa kuwa neno lake linaaminika. Anayesema "hapa sijui, nionyeshe" analinda neno lake kwa siku atakayosema "hapa ninajua, nyamaza usikilize."

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaosema sasa mwalimu ni mwenzi tu wa wanafunzi, wote wako sawa mbele ya mashine. Maneno haya tunayasikia mu seminere, yanatoka kwa watu wenye darasa za watoto ishirini. Mtoto akifundisha mwalimu kufinya, amefundisha kufinya. Hajapata haki ya kuamua darasa lifinye nini, saa ngapi, na kwa shauri gani. Yule mzee wa Bwami aliyekaa chini mbele ya mdogo wake hakumpa kijiji.

Kuko upande mwingine wa shauri hili ambao ni wa haki, si wa heshima. Darasa letu la kawaida lina watoto hamsini, sitini, pengine zaidi. Kati yao wangapi wana simu ya kuingia intaneti? Wachache, na katika hao wachache wengine hawana mega za siku ile, na wengine simu ni ya kaka yao anayeipokonya jioni. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 sababu ya Covid-19, kulitolewa masomo kwa redio, Radio Okapi ikawa kati ya waliofanya kazi hiyo. Redio ilifika mbali kuliko simu, sababu jirani akifungua redio, lupango lote linasikia. Mwalimu anayependa vyombo vipya ajiulize mara mbili kabla ya kutoa kazi ya nyumbani inayotaka intaneti. Vinginevyo anapima mifuko ya wazazi na kuandika alama kwenye buletini.

Tena sisi wa Kivu hatuwezi kuongea ju ya simu kama watu wa inchi zingine wanavyoongea. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, ikaanguka mwaka uliofuata. Katika miezi ile watoto waliacha madawati wakaenda kuchimba, na wengine hawakurudi hata bei iliposhuka. Ile mali ilikwenda mbali, ikarudi ndani ya simu. Leo tunaambiwa tuingize simu darasani ili mtoto asome. Hatusemi tuikatae. Tunasema mwalimu anayefundisha TIC bila kutaja mahali vipande vya chombo vimechimbwa, na nani alivichimba, amefundisha nusu, na katika nusu ile hakuna mtu wa kwetu.

Jambo la mwisho ni jipya zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2022, wakati ChatGPT ilipotokea, kuko programu zinazoandika zenyewe. Mwanafunzi wa humanité anaweza kuleta disertasyo ya Kifaransa bila kosa hata moja, mwenyewe hawezi kukusomea mustari wa pili. Waalimu wengine wanakasirika na kuchana karatasi. Sisi tunafikiri desturi ya barza inasaidia hapa kuliko hasira. Pa barza, anayetoa mezali hasemi ni yake. Anaanza, "Wazee walisema," ao "Babu alikuwa anasema," halafu anaileta. Akisahau kusema hivyo, watamkata: hayo umeyatoa wapi? Kukopa neno hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kulificha lilikotoka, na kosa kubwa zaidi kutoweza kulieleza ukiulizwa. Basi tunamruhusu mwanafunzi alete alichokopa kwenye mashine, kwa sharti aseme wazi amekikopa, halafu asimame, karatasi ikiwa imefungwa, aeleze kwa mdomo wake, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili. Inachukua saa nyingi. Darasa la watu sitini haliishi kwa juma moja. Lakini wale wanaopita hivyo, mara ya pili wanakopa kidogo.

Inabaki shauri ambalo sisi wenyewe tunazunguka nalo. Wanachama wengine wa chama chetu wanataka wanafunzi watumwe vijijini na simu zao, warekodi wazee wangali hai: masimulizi, majina ya milima, nyimbo, maneno ya mutanga. Tunaona faida, tena kubwa. Sauti ya mzee itabaki, na mtoto atalazimika kukaa mbele yake na kuuliza, kitu ambacho vitabu vyetu havikumlazimisha. Walokele wangekuwa na sauti za ngoma zao zote leo kama mtu angewatuma wale wavulana wa Yakusu kwa wakati. Lakini wazee wenyewe hawana jibu moja. Wanatoa bila shida hadithi za sungura, habari za vita, dawa ya kikohozi. Kisha mtoto anauliza ju ya sanamu ao ju ya wimbo wa cheo fulani, na mzee anatazama simu. Maneno yale yalitolewa kwa mtu aliyelipa, aliyengojea, aliyejaribiwa miaka. Yakiingia mule ndani, yatafunguliwa na nani, kwa kidole gani, na atakuwa amepita mlango gani? Tumekubaliana na wanafunzi wetu jambo moja tu: mzee akisema "zima", wazime, waweke simu chini mahali anapoiona, na waendelee kusikiliza.